Pacha wa Tumbo la Kukodi: Mama Yao ni Nani?



Mwezi uliopita, baada ya darsa yetu, alitujia ndugu mmoja wa Kisauni. Alingoja mpaka wenziwe wote wakaondoka, ndipo aliposema neno lake. Yeye na mkewe wamekaa katika ndoa miaka kumi na miwili bila ya mtoto, na mkewe aliondolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya maradhi. Basi wakasafiri ng'ambo. Huko madaktari wakachukua yai la mke na mbegu ya mume, wakayakutanisha nje ya mwili, kisha wakayatia katika tumbo la mwanamke mwingine aliyekubali kuchukua mimba kwa malipo. Mwanamke huyo akazaa pacha, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke.

Alitusimulia hivi: "Nilipewa watoto wawili, mmoja mkono huu na mmoja mkono huu. Nikawaadhinia masikioni huku nalia. Kisha nikamwuliza muuguzi hali ya yule aliyewazaa, nikaambiwa hayo hayamo katika mapatano. Tangu siku ile, sheikh, furaha yangu ina mwiba." Akatuuliza mambo matatu: Je, tumekosa? Mama wa watoto hawa ni nani? Na wakikua, tuwaambie nini? Kwani baadhi ya jamaa wanamshauri aseme kuwa mkewe alizalia ng'ambo, na wengine wamekataa kuja katika akika wakidai kuwa watoto hao ni wa haramu.

Kwa idhini yake twajibu hapa bila ya kumtaja, kwa kuwa twajua kwamba hayuko peke yake.

Swali la kwanza. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Tangu hapo wanavyuoni wameyatazama mambo haya kwa makini. Baraza la Fikihi la Kiislamu la Jidda, katika mkutano wake uliofanyika Amman mwezi wa Oktoba 1986, lilizipima njia saba. Likaziruhusu mbili, kwa haja na kwa hadhari, nazo ni zile ambazo mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na tumbo ni la mke huyo huyo. Zile tano nyingine, ambazo ndani yake huingia mtu wa tatu, likazikataza. Kukodi tumbo ni katika hizo tano.

Pengine mtu atauliza: je, ikiwa mwenye tumbo ni mke mwenza, mke wa mume yule yule? Hata hilo lilijadiliwa. Baraza la Fikihi la Makka liliwahi kuliruhusu mwaka 1984, na mwaka uliofuata likairudisha ruhusa hiyo. Na tazama sababu yake: ilihofiwa kuwa mke mwenza aliyetiwa mimba ya mwenziwe aweza naye kushika mimba yake mwenyewe kwa mumewe, akazaa pacha, isijulikane yupi ni wa yai la huyu na yupi ni wa yai la yule. Wakubwa wa elimu walirudi nyuma kwa kuchelea nasaba ya mtoto mmoja kupotea. Wala hawakuona aibu kurudi.

Kwa amana ya elimu twataja pia kuwa baadhi ya maulamaa wa Kishia, hasa wa Iran, wameiruhusu njia hii. Lakini sisi watu wa pwani, tulio katika madhehebu ya Imamu Shafii, twafuata walivyokata wanavyuoni wa mabaraza yale mawili. Basi jawabu letu ni kwamba jambo hilo halikufaa. Aliyelitenda kwa kutojua, au kwa kushindwa na uchungu wa kukosa mtoto, mlango wa toba uko wazi. Nasi tusiudharau uchungu huo, Nabii Zakaria (A.S.) alimwomba Mola wake mtoto hali nywele zake zimekuwa nyeupe.

Swali la pili. Katika Sura ya 58, aya ya 2, Mwenyezi Mungu ametufunza kuwa mama ni yule aliyezaa. Kwa aya hiyo baadhi ya wanavyuoni wamesema kuwa mama wa sheria ni mwenye tumbo. Wengine wamesema kuwa mama ni mwenye yai, na mwenye tumbo ni mfano wa mama wa kunyonyesha, kwani mtoto ameota nyama kwa damu yake. Na upande wa baba pia kuna maneno, hasa ikiwa mwanamke yule ana mume, kwa kuwa asili ya sheria ni kumnasibisha mtoto na ndoa ya aliyemzaa.

Mahali penye khitilafu kama hii, mwenye akili hushika tahadhari. Ndugu yetu na mkewe wawahesabu wanawake wote wawili kuwa ni mama kwa upande wa maharimu: pacha hao wasioe wala wasiolewe na watoto wa huyu wala wa yule. Na mke, akiweza kupata maziwa, hata kwa msaada wa daktari, awanyonyeshe. Katika madhehebu yetu, manyonyesho matano mbalimbali kabla mtoto hajatimiza miaka miwili humfanya kuwa mama yao wa maziwa bila ya shaka yoyote. Ama mirathi, asiitegemee nasaba yenye mzozo. Awape hiba katika uhai wake, na aandike wasia usiozidi thuluthi. Kisha aende kwa Kadhi na karatasi zake zote, asiridhike na makala haya.

Swali la tatu. Hapa ndipo penye mwiba wenyewe. Twamwambia: usiyaanze maisha ya watoto wako kwa uwongo. Sura ya 33, aya ya 5, yatuamrisha tuwaite watoto kwa asili yao ya kweli. Wala mapenzi ya mlezi hayakufanywa kuwa udhuru wa kuificha asili hiyo. Mwandike yule mwanamke jina lake, mji wake, na watoto wake kama anao. Uyatafute hayo sasa, maadamu wenye daftari wangalipo. Leo ni siri ya watu wanne. Baada ya miaka ishirini na mitano yaweza kuwa ndoa ya ndugu wawili wasiojuana.

Na ukimya wa wakubwa huwaangukia wadogo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya pacha waliozaliwa kwa njia hii humu nchini. Watoto wale walichukuliwa wakapelekwa katika makao ya watoto, kwa sababu sheria haikuwa wazi juu ya nani apewe. Jaji alisema haki za wazazi zilivunjwa. Lakini walioonja baridi ya siku zile ni wale wachanga.

Ama nyinyi mliokataa kuja katika akika, mmewahukumu wasio na kosa. Sura ya 6, aya ya 164, yatufahamisha kuwa hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Zina haikutendeka hapa. Na lau ingalitendeka, mtoto hana dhambi. Nendeni mkawaombee dua watoto hao.

Na wasichana wetu wa Likoni, Changamwe na Kisauni, twawausia: akija mtu na fedha akitaka kukodi tumbo lako, jua kuwa mimba si chumba cha kupangisha. Mswada wa kuyatengeneza mambo haya ulipelekwa Bungeni na Bi Millie Odhiambo mwaka 2022. Lakini sheria ya Bunge, vyovyote itakavyokuwa, haitamfutia mwanamke miezi tisa aliyochukua. Na matajiri nao wajiulize: kwa nini tumbo linalokodiwa ni la maskini daima?

Ndugu yetu alituuliza mwisho, "Basi nimwombee dua yule mwanamke?" Tukamwambia: naam, na uwafunze watoto nao wamwombee.

Mwenyezi Mungu awakuze pacha hao katika imani na ukweli, na atusamehe sote. Amin.