Mafunzo Niliyopata kwa Paka wa Mahakamani

Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda cha steshenari jirani na mahakama moja ya Temeke. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Pale alikuwapo paka mweusi asiye na mwenyewe. Hakuna aliyejua anakotoka wala anakolala, na huku kwetu pwani paka wa namna hiyo hakawii kuitwa jini. Niliona watu wazima wakibadili mwenendo kwa ajili yake. Nakuandikia wewe unayejiandaa kuwa wakili, karani, hakimu au msaidizi wa kisheria, maana watu hao hao utawahudumia kesho.

1. Hofu ina jina lake, litafute

Mama mmoja wa Mbagala alikuja kufungua mirathi ya mumewe. Alikumbatia bahasha ya kaki yenye cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Paka akamkatiza njia mlangoni, mama akagoma kuingia. Mlinzi akamwambia aachane na ushirikina, ndiyo kwanza akazidi kurudi nyuma. Mama lishe wa pale akamvutia kiti, akammiminia chai, akamuuliza taratibu: "Hivi dada yangu, unaogopa paka au unaogopa mashemeji?" Mama akaangua kilio. Walikuwa mashemeji. Chai ilipoisha wakaingia wote wawili.

Anayekuletea habari za jini mara nyingi ana jambo zito la kibinadamu. Usibishane naye juu ya jini. Uliza mpaka ulifikie hilo jambo.

2. Dawa ikifanya kazi, chunguza imefanyaje

Zilienea habari kwamba anayempa paka dagaa asubuhi, shauri lake linanyooka. Kilichonishangaza ni kwamba wale walisha paka mambo yao yalikwenda vizuri kweli. Nikawafuatilia. Ili wamwahi paka iliwabidi wafike kabla milango haijafunguliwa. Wakapata nafasi ya kusoma orodha ya mashauri ubaoni, kujua chumba, na kumuuliza karani kama samansi imemfikia mdaiwa. Wengine walifika wakihema kutoka kwenye daladala, majina yameshaitwa, na shauri la asiyetokea linaweza kufutwa. Kumbe dawa ilikuwa kuwahi.

Paka naye alikuwa na shughuli zake: panya wa stoo ya mafaili. Wahenga walishasema, paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Ukizoea kutafuta sababu, utamsaidia mteja wako bila kumvunjia heshima.

3. Palipo na woga, biashara haichelewi

Akatokea mtu anauza "kinga ya paka", kitambaa chekundu kilichofungwa uzi. Kijana mmoja aliyeshindwa kesi Mahakama ya Mwanzo alipeleka huko pesa aliyotenga kwa rufaa. Sheria inampa siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na zote zilimpita akisubiri kinga ijibu. Alipokuja kwangu na nakala ya hukumu, ilibidi kwanza aombe kuongezewa muda na kutoa sababu ya kuchelewa. Alikaa mbele ya kompyuta yangu muda mrefu, hana la kuandika.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya mtu kama huyo, nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hakuna aliyemwambia. Ukikutana na aliyeshindwa kesi, mtajie tarehe yake ya mwisho kabla ya neno lingine lolote.

4. Uvumi ukimgeukia mtu, simama naye hadharani

Kisha wakasema paka ni wa bibi muuza karanga, kwa kuwa alipenda kujilaza miguuni pake. Wateja wakamkwepa. Hapo nilitishika, maana nchi hii inajua mambo hayo yanakoishia. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino.

Mzee mmoja anayeheshimika msikitini alikwenda akaketi kando ya bibi, akanunua karanga, akazitafuna palepale. Akawakumbusha watu hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. "Ikiwa paka ana haki hiyo," akasema, "huyu mama yenu je?" Siku hiyohiyo wateja walianza kurudi. Uvumi huzimwa na mtu anayeaminika, mapema, mbele za watu.

5. Sheria ikieleweka, majini hupungua

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kwa mujibu wa sheria, na Temeke ina Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mashauri ya familia na mirathi. Wanawake wengi waliokuja kuchapa karatasi za talaka waliamini kuwa asiye na mshahara hana chake. Nilikuwa nawasimulia shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, lakini msingi aliouacha unawabeba wengine hadi leo. Waliosikia hayo waliniuliza juu ya risiti, mashahidi na Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Habari za paka ziliisha hapo.

Basi siku utakapopata ofisi yako, bandika ukutani kwa Kiswahili chepesi: karatasi zipi zinahitajika, dirisha lipi, mwisho lini. Na asiyejua kusoma, msomee.