Kuchelewa Ndiko Kuuako

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha vifo 355 vya wazazi wanawake katika kila vizazi hai 100,000. Damu nyingi itokayo baada ya kuzaa yaweza kumwua mama kwa muda wa saa mbili. Wataalamu hutaja kuchelewa kwa namna tatu: kukata shauri, kufika hospitali, na kutibiwa. Mke wa mgeni aliyekuja Merigi kwa kazi ya chai mara nyingi hana mama wala shangazi karibu. Mumewe akiwa kazini, hungoja ruhusa. Basi yatupasa, mimba ingali changa, tutoe idhini, tuweke nauli ya kwenda hospitali ya Longisa, na tumwusie jirani. Kuhifadhi roho ni faradhi, si hisani.