Nyuki Aendaye Malishoni na Mlango wa Wahyi

Miongoni mwa maswali tuyapatayo mara nyingi kutoka kwa ndugu watafutao ukweli, na hata kwa baadhi ya waliokwisha ingia katika Jumuiya, ni hili: Je, Mwenyezi Mungu aliyesema na Manabii wa zamani angali anasema hata leo? Wengi wao wamefundishwa tangu utotoni kwamba wahyi ulikatika kabisa baada ya Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Kwa hiyo wasikiapo dai la Seyidna Ahmad a.s. hulikataa kabla ya kulichungua. Katika somo hili tutamtazama mdudu mdogo ambaye Kurani Tukufu yenyewe imemtaja pamoja na neno wahyi.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 69 na 70 (sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, katika misahafu mingine ni aya ya 68 na 69), Mwenyezi Mungu atujulisha kwamba alimpelekea nyuki wahyi afanye makao milimani, mitini na katika yale wayajengayo watu, kisha ale katika matunda ya kila namna na kuzifuata njia za Mola wake zilizofanywa nyepesi. Msomaji autazame mpango huo: kwanza makao, kisha chakula, kisha njia. Asali yatajwa mwisho. Watu wengi huikimbilia asali na ponyo lililomo, wakazipita njia bila kuziangalia.

Wako waandishi washangiliao kwamba vitenzi vya aya hizo katika Kiarabu ni vya kike, na kwamba elimu ya leo imeonyesha kuwa nyuki waendao malishoni ni majike. Ni kweli kwamba nyuki dume hauletei mzinga chakula. Lakini sarufi ya Kiarabu huruhusu neno nahl litumike kwa jinsia ya kike, kwa hiyo hoja hiyo peke yake ni nyepesi, nasi hatuna haja nayo. Iliyo nzito ni hoja ya njia.

Nyuki mtenda kazi hutumia majuma yake ya kwanza ndani ya mzinga, akisafisha, akilisha watoto na kujenga masega. Baadaye ndipo atokapo kwenda malishoni. Wachache hutangulia kama wapelelezi, bila kuelekezwa na mwenzao. Mmoja wao aonapo maua yenye mbochi nyingi, hurudi nyumbani na kucheza juu ya sega lililosimama wima, katika giza. Hukimbia mstari mfupi ulionyooka huku akitikisa tumbo, huzunguka kuliani mpaka pale alipoanzia, hukimbia mstari tena, huzunguka kushotoni, na hivyo hivyo mara nyingi. Mstari ukielekea juu kabisa, maana yake ni kwamba chakula kiko upande lilipo jua. Ukipinda digrii 40 kulia kwa wima, chakula kiko digrii 40 kulia kwa jua. Na muda wa kutikisa tumbo ni kipimo cha umbali: kwa makadirio, sekunde moja ni karibu kilomita moja, ingawa hutofautiana kwa namna za nyuki. Wenzake humfuata kwa vipapasio, hupokea kwake tone la mbochi na harufu ya ua, kisha huruka kwenda mahali ambapo hawajapata kufika.

Mtaalamu aliyeisoma lugha hiyo ni Karl von Frisch, mzaliwa wa Vienna. Katika miaka ya 1920 alidhani mchezo wa namna moja ni wa mbochi na wa namna nyingine ni wa chavua. Baada ya miaka zaidi ya ishirini alijisahihisha, akatambua habari ya upande na umbali, na mwaka 1973 alipewa Nishani ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Hata hivyo hakukosa wapinzani. Tangu miaka ya 1960 Adrian Wenner wa Marekani alishikilia kwamba nyuki hufuata harufu tu. Mwaka 2005 wataalamu waliofanya kazi Uingereza waliwafunga nyuki chombo chepesi sana kionekanacho kwa rada. Wengine kati ya nyuki hao, waliokwisha ufuata mchezo, walichukuliwa mlangoni mwa mzinga na kuachiliwa mahali pengine. Nyuki hao waliruka upande ule ule na umbali ule ule walioambiwa, ingawa kutoka pale walipoachiliwa hapakuwa na chakula cho chote huko. Basi walikuwa wameshika maneno, wala hawakuvutwa na harufu.

Kila kiumbe amepewa njia zake. Sisimizi wengi huacha harufu ardhini ili wenzao waifuate. Sisimizi wa jangwa la Tunisia, atafutaye wadudu waliokufa kwa joto, huenda peke yake na hurudi kwa kupima hatua zake: mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba akirefushwa miguu kwa vijiti huipita nyumba yake, na akifupishwa husimama kabla ya kuifikia. (Hatumtaji hapa kwa ajili ya Sura An-Naml, maana kwa ufafanuzi wa Jumuiya, Naml ya sura ile ni kabila la watu.)

Atasema mtu: hiyo ni silika tu, mnaiitaje wahyi? Twajibu kwamba neno silika huipa jambo hili jina, wala halimtaji mwenye kulitoa. Wataalamu hueleza jinsi tabia hiyo ilivyokua hatua kwa hatua katika vizazi vingi mno, nasi hatuzikatai hatua hizo. Kurani Tukufu yamtaja Mwenye kuongoza hatua. Wala hatusemi nyuki ni nabii. Wahyi una daraja zake: katika Sura Al-Qasas neno hilo limetumika kwa mama yake Musa, na katika Sura Al-Maida kwa wanafunzi wa Isa a.s., na hao hawakuwa manabii. Seyidna Ahmad a.s., katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore Desemba 1896, alieleza kwamba ilhamu si wazo tu limjialo mtu akifikiri, bali ni mazungumzo hai ya Mungu na mja wake. Sheria imekamilika katika Kurani Tukufu, na sheria mpya haitakuja. Lakini nyuki afanyaye kazi wakati wa maua mengi huishi majuma sita hivi tu, na kila kizazi chapata uongozi wake. Aliye na riziki ya siku chache haachwi. Na roho ya mwanadamu, iliyoumbwa kwa ajili ya kumjua Mola wake, iachwe na masimulizi ya kale peke yake?

Jambo jingine lilidhihirika mwaka 2023. Wataalamu wa China na Marekani waliwalea nyuki wachanga bila wakubwa wa kuwachezea. Wachanga hao walicheza, maana kipawa kilikuwamo, lakini walicheza kwa makosa mengi. Kosa la upande lilipungua kadiri walivyozoea; kosa la umbali liliwabakia maisha yao yote. Wale wasemao kwamba Kitabu chatosha bila mwalimu hai na walipime hilo. Mfano hauthibitishi dai la Masihi Aliyeahidiwa a.s., ambalo lina dalili zake lenyewe. Waonyesha tu kwamba kipawa kutoka kwa Mungu na haja ya mwalimu havipingani.

Mwanadamu naye, atafutapo asali porini, ameandaliwa kiongozi. Wawindaji wa asali wanamjua ndege aitwaye mlembe, ambaye huwaita na kuwatangulia mpaka kwenye mti wenye nyuki, kisha hula nta waliyomwachia. Mwaka 1989 Hussein Isack, Mkenya, na mwenziwe Heinz-Ulrich Reyer walieleza kwamba Waborana, katika sehemu wasizozijua, walihitaji kwa wastani karibu saa 9 kupata mzinga wa mwituni bila ndege huyo, na saa 3 na kidogo wakiwa naye. Kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mtu aliyetoa sauti maalumu ya kumwita mlembe, waliyofundishwa na baba zao, aliongozwa mara 66 katika 100. Aliyetoa sauti nyingine aliongozwa mara 33 hivi.

Ndege ni yule yule na msitu ni ule ule. Tofauti ni mwito. Kwa sababu hiyo Seyidna Ahmad a.s. hakuwataka wenye shaka wasadiki kwa kusikia tu, bali aliwaalika wasali istikhara, wakiisafisha mioyo yao na chuki, na kumwomba Mwenyezi Mungu Mwenyewe awafunulie kama mdai huyu ni mkweli au la. Ndugu anayesoma ukurasa huu na bado hajaamua anaweza kuianza sala hiyo usiku wa leo, kwa lugha yake mwenyewe.