Chora Kijiwe Chako: Rangi ya Maji, Gundi na Makaa Kwenye Ukurasa Mmoja

Anayetaka kuchora maisha ya mtaani kwake mara nyingi hutaka mtaa wote uingie kwa pamoja: daladala, magenge, akina dada wanaosukana barazani, watoto na mpira wao. Ukurasa unajaa na jicho linakosa pa kutua. Mimi nashauri uchague pembe moja unayopita kila siku, uichore tena na tena kwa miezi kadhaa. Mahali pakiwa palepale, kinachobadilika ni mkono wako, na hapo utajionea mwenyewe kama unasonga mbele.

Tuchukue kijiwe cha kahawa, kwa kuwa mitaa mingi ya Dar es Salaam inacho. Usianze na nyuso. Tazama jambo moja linalotendeka: muuzaji anainua dele kutoka kwenye makaa, anamimina kwenye kikombe kisicho na mkono, na mnywaji anakipokea kwa ncha za vidole kwa sababu kinaunguza. Vidole vile ndivyo picha yako ya leo. Vichore palepale kwa biki, haraka, visizidi ukubwa wa kiganja. Pembeni andika tarehe, saa na kilichokuwa kinazungumzwa, iwe bei ya sukari au mechi ya Simba na Yanga. Maneno hayo yatakusaidia kukumbuka hali ya mahali kuliko picha ya simu.

Kabla hujatoa daftari, salimia. “Shikamoo mzee, naomba nichore dele lako.” Wengi hukubali wakiona unaiheshimu kazi yao. Asiyetaka, usimchore; benchi, vikombe na sinia la kashata vinatosha kabisa.

Nyumbani ndipo unapochanganya vifaa, na hapo utaratibu una uzito kuliko kipaji. Anza na vya maji, fuata na gundi, malizia na vikavu. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka huacha utando kama plastiki. Ukipitisha rangi ya maji juu yake, rangi hujikusanya matonematone na kukataa kushika. Akriliki ina tabia hiyohiyo. Makaa nayo yakitangulia, maji huyageuza tope la kijivu linalochafua kila rangi.

Karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, itajikunja mara moja. Ya gramu 300 ndiyo inayofaa rangi ya maji, ila bei yake si ndogo. Manila nene huvumilia maji kiasi, mradi uibane ubaoni pande zote nne kwa selotepu ya karatasi na usiitoe hadi ikauke. Biki hapa ni rafiki mkubwa, kwani wino wake ni wa mafuta na hausambai ukilowa. Maka peni nyingi husambaa, kwa hiyo zijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Kwa mvuke wa kahawa, sugua mshumaa mweupe kwenye karatasi kavu, kisha pitisha rangi. Nta hukataa maji, na mvuke utabaki mweupe. Kahawa yenyewe iliyobaki ni rangi nzuri ya udongo: weka tabaka moja, subiri likauke, ongeza la pili pale penye kivuli.

Sasa bandika. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kubandika vitu ili ukurasa upendeze tu. Kila kipande kipewe kazi. Kipande cha gazeti kiwe gazeti analosoma mzee kwenye benchi. Karatasi ya kaki iwe ukuta. Upindo wa khanga uwe khanga ya mama anayepita. Gazeti halisi hugeuka manjano likipigwa na jua, kwa hiyo lipeleke steshenari likatolewe kopi, ubandike kopi. Paka gundi nyembamba hadi kwenye kingo, kisha kandamiza kwa kitabu kizito.

Usione vifaa hivi ni duni. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, na mtindo wake ukaendelea hata baada ya kifo chake mwaka 1972. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, amebandika picha zilizokatwa kwenye majarida juu ya kurasa za zamani za michoro ya kitabibu, kazi zikaingia makumbusho makubwa ya dunia. Wote wawili walijua kila kifaa kinaweza nini.

Makaa yawe ya mwisho, na yawe machache: chini ya benchi, ndani ya jiko, kwenye kivuli cha mwembe. Ya jikoni yanafaa ukichagua kijiti chembamba na chepesi, kinachokwaruza kiache.

Kila baada ya miezi mitatu, panga kurasa zako sakafuni kwa tarehe. Tafuta kosa linalojirudia, labda mikono inayokuwa midogo kuliko nyuso, na ulishughulikie hilo peke yake msimu unaofuata. Kifaa kipya nacho ongeza kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia.

Kisha zipeleke kurasa kijiweni, watu wazione. Wasikilize hasa wanapozungumzia kazi yao. Muuza kahawa ataona mara moja kwamba mdomo wa dele umeuchora chini mno, na kwamba kahawa ingemwagika kabla hajaliinamisha. Usiuguse ukurasa huo. Sahihisha kwenye unaofuata, na tarehe uiandike.