Meza ya Kompyuta na Kabati Lake

Jioni moja ya mvua huku Mabira nilikuwa nikiandika alama za mtihani wa darasa la saba katika kompyuta. Nilipofika jina la arobaini na moja, radi ikapiga, umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi. Umeme uliporudi nikakuta ukurasa mtupu, na wazazi walikuwa waje asubuhi kusikia matokeo. Nikaanza upya kwa kalamu na karatasi mpaka usiku wa manane. Basi, watoto, yafaa tujue alama zile zilikuwa wapi hata zikapotea.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni kumbukumbu ya kazi, nayo ni kama meza ya mwalimu: kilicho juu yake chapatikana upesi, lakini meza ni ndogo, tena umeme ukikatika vyote hufutika. Pa pili ni diski, nayo ni kama kabati la shule: ina nafasi kubwa, hutunza vitu hata bila umeme, ila kwenda na kurudi huchukua muda. Alama zangu zilikuwa mezani tu. Sikuwa nimeagiza zihifadhiwe.

Je, ni nani agawaye nafasi ya meza? Programu ni nyingi. Moja yaandika barua, nyingine yahesabu, nyingine yaimba, na kila moja yataka nafasi. Kwa hiyo iko programu iliyo juu ya hizo zote, iitwayo mfumo endeshi, nayo ndiyo kiranja. Huigawa kumbukumbu vipande vilivyo sawa, viitwavyo kurasa. Katika kompyuta nyingi za siku hizi ukurasa mmoja ni baiti 4,096, na baiti moja yatosha herufi moja ya Kiswahili. Kumbukumbu ya gigabaiti 2 ina kurasa 524,288. Kiranja huandika katika jedwali kila ukurasa ni wa nani na uko wapi. Programu ikijaribu kugusa ukurasa usio wake, huzuiwa, na mara nyingi hufungwa papo hapo.

Na meza ikijaa? Hapo ndipo penye akili nyingi. Kiranja hutafuta ukurasa ambao haujatumiwa kwa muda. Kama umeandikwa jambo jipya, huupeleka kwanza diskini. Kama haukubadilika, na nakala yake iko diskini, huuacha ufutike. Programu ikiuhitaji tena, husimamishwa kidogo mpaka urudishwe. Yenyewe haina habari. Yaiona meza kuwa kubwa kuliko ilivyo.

Hila hii ilianza katika kompyuta Atlas, iliyozinduliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1962. Kumbukumbu yake ya upesi ilikuwa na nafasi ya maneno 16,384, yaani kurasa 32 tu. Na kabati lake lilikuwa ngoma ya sumaku yenye kuzunguka. (Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.)

Lakini hila ina mpaka. Ukifungua programu nyingi mno, kiranja hushinda njiani kati ya meza na kabati, kazi isiende. Watu husema kompyuta imekufa, nao huipiga makofi! Heri wafunge baadhi ya programu.

Mwerevu mmoja darasani aliniuliza: kama kiranja alikwisha kupeleka baadhi ya kurasa za alama diskini, mbona hazikuonekana umeme uliporudi? Swali jema. Jedwali lionyeshalo mahali pake lilikuwa mezani, nalo lilifutika pamoja na vingine.

MASWALI. Ukurasa mmoja wa Atlas ulikuwa na nafasi ya maneno mangapi? Kwa nini ukurasa usiobadilika hauna haja ya kupelekwa diskini?