SOMO LA AFYA: Upungufu wa damu – tutafute chanzo kwanza



Kuna mama ambaye kila siku amechoka. Akibeba mtungi anahema, akisimama anaona kizunguzungu. Watu husema ni uvivu. Pengine hana damu ya kutosha. Akijifungua katika hali hiyo, kutokwa na damu kwaweza kumwua upesi. Basi tusimcheke, tumpeleke zahanati.

Dalili: Tazama viganja, ulimi na ndani ya kope. Je, vimepauka? Wengine hutamani kula udongo au odowa.

Vyanzo:
1. Chakula kisicho na madini ya chuma.
2. Malaria, ambayo huharibu chembe za damu.
3. Minyoo ya safura. Huingia kwa nyayo tukitembea bila viatu penye uchafu wa choo, kisha hunyonya damu tumboni.
4. Hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu.

Ndiyo sababu kununua dawa ya damu dukani hakutoshi. Minyoo ikibaki tumboni, ni sawa na kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Matibabu: Hospitali watapima damu. Kwa mama mjamzito, chini ya gramu 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari kubwa, na huenda akaongezwa damu. Watatibu chanzo na kutoa tembe za chuma. Mjamzito humeza kila siku mpaka ajifungue. Choo kikiwa cheusi, usiogope, ni dawa. Ukisikia kichefuchefu, meza baada ya chakula.

Wengi wakipata nguvu kidogo huacha dawa. Kumbe mwili bado hauna akiba! Kwa kawaida mgonjwa huendelea kama miezi 3 baada ya damu kufika kiwango. Tembe zifichwe, kwa maana mtoto akizimeza nyingi zaweza kumwua. Mwenye selimundu asizimeze bila idhini ya daktari.

Chakula: Terere, maharagwe, ndengu, omena na nyama. Kula pamoja na chungwa, pera au ndimu. Lakini chai na kahawa huzuia chuma, kwa hiyo ngoja angalau saa moja baada ya kula ndipo unywe.

Mjadiliane kikundini:
– Ni nani kwetu anayeitwa mvivu, kumbe ni mgonjwa?
– Ni boma ngapi hazina choo?
– Mama akihitaji kuongezwa damu usiku, gari na watu wa kutoa damu watatoka wapi? Mpange leo.