MBWA WAKIFUATANA NASI NJIANI
Somo kwa wamama wa kliniki



Ukitoka nyumbani kuja kliniki, nani anakufuata? Mtoto uliyembeba mgongoni, mkubwa wake anayeshika kikwembe chako, na labda mbwa pia. Mbwa hapana kungoja kuitwa. Anaona kitunga na jembe, anaamka, anatangulia njiani. Nyuma yake anakuja mbwa jike, na nyuma ya jike watoto wake wawili ama watatu. Ndivyo familia nyingi zinavyokwenda shambani, mtoni na sokoni.

Hilo si jambo baya. Mbwa analinda nyumba. Anafukuza nyama wanaoharibu mahindi. Anasaidia wawindaji. Na katika Kitabu cha Tobiti tunasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alikwenda nao. Basi somo hili halisemi: fukuza mbwa wako. Linasema: ujue namna ya kutembea naye. Maana safari ya mbwa haiishi siku ile mnaporudi nyumbani. Kitu alichopata njiani anakileta ndani ya lupango, mahali watoto wako wanapocheza.

1. UGONJWA UNAOTEMBEA NA MBWA

Ugonjwa huu unaitwa kichaa cha mbwa. Kwa Kifaransa wanasema «rage». Unaletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya nyama mgonjwa. Vinaingia kwa mtu kwa meno, kwa kucha zenye mate, ama mbwa akilamba kidonda, macho au mdomo. Kisha vinapanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongo.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba watu 59,000 hivi wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Na kati ya watu 100 wanaolumwa na nyama wanaodhaniwa kuwa wagonjwa, 40 hivi ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto ni mfupi. Uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa. Na mara nyingi anaficha kidonda kwa sababu anaogopa kugombezwa.

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, kwetu Beni na Butembo, tuliona wagonjwa waliotoka hospitali wazima. Kichaa cha mbwa si hivyo. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, yaani kuogopa maji, kushindwa kumeza, kushtuka na kuchanganyikiwa, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, mlango uko wazi. Mara nyingi dalili zinakawia mwezi 1 mpaka 3. Kuna walioanza kuumwa kwa juma moja tu, na wengine baada ya mwaka mzima. Mtu aliyeoshwa kidonda vizuri na kupata chanjo kwa wakati, anapona kama hakupata kitu.

2. TUCHUKUE MFANO

Mama mmoja anakwenda kuvuna viazi. Anafuatana na mtoto wake wa miaka saba, mbwa wakubwa wawili na mtoto wa mbwa mmoja. Kwenye njia panda mbwa mgeni anatokea. Hakuna anayemjua. Mate yanamtoka, anakimbia kimya. Anamluma mtoto wa mbwa. Mtoto wa mama anataka kumwokoa, naye anakwaruzwa mkono kwa jino. Watu wanapiga kelele, mbwa mgeni anakimbia zake.

Mtoto anasema: «Mama, ile mbwa iliniluma.»

Mama anatazama. Damu ni kidogo sana. Anajibu: «Ni kidonda kidogo tu, kitapona.» Anapaka majani, anaendelea na viazi.

Tazama, hapa kuna makosa mawili. La kwanza wote tunaliona: mtoto hakupelekwa kwa muforomo. Kidonda kidogo na kidonda kikubwa vinapitisha virusi vilevile. La pili wengi hawalioni: mtoto wa mbwa aliyelumwa anarudi nyumbani. Anakula na wengine, watoto wanamshika, wanamlaza kifuani. Majuma yanapita. Siku moja anaanza kuluma miti na mawe, ama kujificha gizani. Watu wanasema: «Ni wetu, ni mdogo, hawezi kuwa na kichaa.» Lakini mtoto wa mbwa pia anapata ugonjwa huu, na meno yake madogo yanaua kama meno ya mkubwa.

Kwa hiyo, mama, ukirudi kutoka safari, hesabu watoto wako na hesabu mbwa wako. Uliza: nani amelumwa? Nani amekwaruzwa?

3. MTU AKILUMWA NJIANI

Usingoje siku ya kliniki. Usingoje bwana arudi kutoka Butembo. Fanya hivi:

Kwanza: Osha kidonda palepale kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima. Kama huna saa, endelea kumimina mpaka uone umezidisha. Kama sabuni haiko, anza na maji, tafuta sabuni kwa jirani. Kipande cha sabuni katika kitunga chako ni dawa ya kwanza ya safari.

Pili: Usipake pilipili, mawese, majivu, mavi ya ng'ombe wala majani. Usinyonye kidonda. Usikifunge kwa nguvu.

Tatu: Nenda kituo cha afya siku ileile. Sema wazi: «Mtoto amelumwa na mbwa.» Eleza kama mbwa anajulikana ama hajulikani. Ikiwa chanjo haipo, uliza iko wapi, na uende huko. Usirudi nyumbani kungoja. Hata kama zimepita siku nyingi tangu alumwe, njoo vilevile.

Nne: Maliza sindano zote. Muforomo ataandika siku zake kwenye karatasi. Ya kwanza ni siku ya kufika, kisha siku ya 3 na ya 7, na mara nyingi nyingine baadaye. Kama kidonda kimetoa damu, munganga anaweza kuongeza dawa nyingine inayochomwa kuzunguka kidonda.

Wengine wanakataa kwa sababu wazee waliwaambia juu ya sindano nyingi za tumboni. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi mtu mkubwa anachomwa mkononi, na mtoto mdogo pajani. Na wewe mwenye mimba ama unayenyonyesha, chanjo hii haikukatazwa kwako. Haimdhuru mtoto wa tumboni, na unaendelea kunyonyesha.

Chanjo ya kwanza kabisa ya namna hii ilitolewa Ufaransa, tarehe 6 Julai 1885. Louis Pasteur alimsaidia mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa amelumwa na mbwa mara nyingi. Mamake ndiye aliyemleta Paris. Hakungoja, na mtoto akapona.

4. NA MBWA ALIYELUMA?

Watu wanakimbilia kumpiga mpaka afe, kisha wanamtupa. Kama mbwa anajulikana na inawezekana bila hatari, heri afungwe peke yake kwa kamba yenye nguvu ama ndani ya chumba, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Mbwa mwenye virusi katika mate yake atakuwa mgonjwa ama atakufa katika siku hizo. Akiwa mzima siku ya 10, munganga anaweza kuamua sindano zilizobaki zisimame. Lakini sindano zinaanza mara moja. Hazingoji siku 10.

Mbwa wako akilumwa na mbwa mgeni, mfunge mbali na watoto, umwite munganga wa nyama. Kama hakuchanjwa, pengine atashauri auawe, ama atengwe kwa miezi mingi. Ni neno gumu, hasa kwa watoto waliompa jina. Lakini ni afadhali watoto walie kwa ajili ya mbwa, kuliko wewe ulie kwa ajili ya mtoto.

Mbwa aliyekufa kwa ugonjwa huu asichunwe, asiliwe. Usimguse kwa mikono mitupu. Azikwe chini sana.

5. SHERIA ZA SAFARI

a) Mbwa asiyechanjwa asitembee na watoto. Mbwa anapata chanjo akifika miezi 3, kisha inarudiwa jinsi munganga wa nyama atakavyosema. Wakati wa kampeni, wadogo zaidi wanaweza kuchanjwa pia, waleteni wote. Tunza karatasi ya mbwa pamoja na karatasi za watoto. Kama mbwa 70 kati ya 100 wa mahali wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

b) Jike mwenye watoto wachanga abaki nyumbani. Njiani anaona kila mtu ni mwizi wa watoto wake. Hata mbwa mpole anaweza kuluma siku hizo.

c) Siku ya kliniki na siku ya soko, funga mbwa nyumbani. Penye watoto wengi, chakula na nyama ya kuuza, mbwa wanapigana, na mtoto anajikuta katikati. Barabarani wanaponyoka mbele ya pikipiki na chukudu, wanaangusha watu.

d) Kama lazima mbwa aende, aongozwe kwa kamba na mtu mkubwa. Mtoto asifunge kamba ya mbwa mkononi mwake.

e) Usipokee mtoto wa mbwa bila kuuliza. Mara nyingi tunakwenda kutembelea shangazi, tunarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kitunga. Uliza kwanza: mama yake alichanjwa? Kuna mbwa aliyekufa ama aliyeluma watu kule? Amefika miezi 2 na amekwisha kuacha maziwa? Kama majibu hayaeleweki, mwache. Ukimkubali, watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakati wanapomaliza kumshika, kwa kuwa mavi yake yana mayai ya minyoo pia.

Fundisha watoto maneno haya, wayarudie kama wimbo. Usiguse mbwa anayekula, anayelala, ama mwenye watoto. Mbwa mgeni akija, usikimbie: simama kama mti. Ukianguka, jikunje kama jiwe, ficha uso na shingo. Ukilumwa, mwambie mama, mama hatakupiga. Na wewe mama, timiza ahadi hiyo.

6. MBWA MMOJA ANAWEZA KUHARIBU NCHI

Labda unasema: mbwa wangu mmoja ataleta hatari gani? Sikia mambo ya visiwa viwili.

Kisiwa cha Flores, Indonesia, hakikuwa na kichaa cha mbwa. Mwaka 1997 mbwa watatu waliletwa kwa mashua kutoka kisiwa kingine, Buton. Ugonjwa ukaingia pamoja nao, ukaenea, na watu wengi wakafa.

Kisiwa cha Pemba, Tanzania, kilichanja mbwa wake mpaka ugonjwa ukakoma mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu hawakukata tamaa. Walirudia kuchanja, na mwaka 2018 ukakoma tena.

Mbwa wa safari aliuleta, chanjo iliufukuza. Sisi hatukai katika kisiwa. Njia zetu zinatoka Beni, Butembo na Lubero, na tangu 2014 watu wengi wa eneo la Beni wamekimbia mauaji. Vita imehamisha wengi wa Lubero pia. Anayekimbia anabeba watoto na chungu, na mbwa anamfuata. Mbwa wengine wanabaki nyuma bila mwenyewe, wanatangatanga. Hatumlaumu aliyekimbia. Lakini mkipokea wageni, waulizeni kwa upole juu ya mbwa wao kama mnavyouliza juu ya chanjo za watoto. Mbwa mpya afungwe kwanza, na munganga wa nyama aitwe.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur, ni Siku ya Dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Siku hiyo ikumbushe kila nyumba kutazama karatasi za mbwa wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mbwa akimkwaruza mtoto kidogo tu, tutafanya nini kwanza? Kwa dakika ngapi?
2. Kwa nini mbwa aliyelumwa njiani ni hatari nyumbani?
3. Mama mwenye mimba anaweza kupata chanjo hii?
4. Nyumbani kwako kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa?
5. Katika kitunga chako cha leo, kuna kipande cha sabuni?

Mama, ukisha kusoma karatasi hii, usiitupe. Msomee jirani asiyejua kusoma. Mungu awalinde katika safari zenu, nanyi mlinde watoto aliowapa.